Silaha Mkononi mwa Mchezaji

Vyombo vingi vya binadamu vina kazi zaidi ya moja. Jembe hulima, na likibidi huchimba kaburi; kamba hufunga mzigo, huteka maji, humwongoza ng'ombe; kisu hukata nyama na mchicha, na siku ya ghadhabu huweza kumkata mtu. Silaha ya moto haiko katika jamii hiyo. Kazi iliyobuniwa kwayo ni moja tu, nayo ni kupeleka kipande cha madini mbali kwa kasi ya kupasua mwili. Hata hivyo wako watu wengi wenye akili na adabu, wasiomtakia mtu wala mnyama mauti, ambao huinunua silaha hii kwa ajili ya furaha. Huenda nayo uwanjani, huilenga karatasi, huhesabu matundu, hucheka na wenzao, kisha hurudi nyumbani. Swali linalozaliwa hapa si dogo. Je, chombo cha kuua chaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kuchezea, na ubaya wake ukabaki nje ya mlango? Na ikiwa chaweza, mtu mwema achague kipi, na kwa kipimo gani?

Katika karne hii aina moja ya silaha imependwa mno na wachezaji wa shabaha. Ni bunduki fupi iitwayo karabini, iliyotengenezwa kupokea risasi za bastola badala ya risasi za bunduki kubwa. Sababu za kupendwa kwake ni nyepesi kufahamika. Bastola hushikwa kwa mikono tu, na mkono wa mgeni hutetemeka. Karabini ina kitako kinachoegemea begani, kwa hiyo mwili wote huisaidia. Mtutu wake ni mrefu kuliko wa bastola, na baruti hupata nafasi ya kusukuma zaidi: risasi ya milimita 9, ambayo hutoka katika bastola kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, hutoka katika karabini kwa mita 400 hivi. Risasi zake ni rahisi kuliko za bunduki kubwa. Na mwenye bastola ya namna hiyo hahitaji kununua risasi za aina mbili, maana zile zile huingia katika silaha zote mbili. Vyama vya kimataifa vya mashindano ya shabaha vimeifungulia daraja lake, na makampuni ya Marekani na Ulaya hushindana kuitengeneza: moja huitengeneza igawanyike vipande viwili, nyingine ikunjike katikati, nyingine ijae risasi nyingi, nyingine ipunguze teke begani.

Mtu asiyetaka kufikiri ataliona jambo hili kuwa la duka na bei. Lakini uchaguzi wa chombo hautengani na nia ya mchaguzi wala na mahali chombo kitakapotumika. Kwa sababu hiyo ni vema swali liondolewe katika viwanja vya nchi za mbali, vilivyojengewa kuta na kuwekewa walinzi, likapelekwe mahali ambapo watu wanaijua bunduki kwa historia ndefu. Mahali hapo na pawe Tindiga, katika wilaya ya Kilosa.

Jina la Tindiga lenyewe ni maelezo. Kwa watu wa bara tindiga ni nchi ya majimaji, na mahali hapa panastahili jina lake. Upande mmoja ni milima ya Usagara. Upande mwingine uwanda wa Mkata unatandazika kuelekea Mikumi, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964. Mvua za masika zikizidi, mito hupanda kingo zake na mashamba hugeuka maziwa. Ardhi ni nzuri, na kwa kuwa ni nzuri ina wapenzi wengi: mkulima anaitaka kwa mahindi na mpunga, mfugaji anaitaka kwa malisho na maji ya kiangazi, nguruwe na nyani wanayataka mavuno, na tembo hana habari ya mpaka uliochorwa katika ramani.

Katika uwanda huu wa Mkata babu wa karabini alipita zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliuvuka wakati wa masika, maji yakiwa yametanda kila upande, watu na punda wake wakiugua. Katika orodha ya silaha za msafara wake zilikuwamo bunduki mbili za Kimarekani, Winchester moja na Henry moja, kila moja ikiweza kupiga mara 16 bila kujazwa tena. Bunduki hizo zilikuwa nyepesi na za haraka, na risasi yake haikuwa na nguvu za bunduki kubwa za kijeshi za siku zile. Risasi ya namna hiyo ilipata kutengenezewa bastola pia. Miaka michache baadaye, Winchester ya mwaka 1873 ilikuja na risasi yake, kisha kampuni ya Colt ikatengeneza bastola ya kuipokea risasi ile ile, na wazo la risasi moja kwa silaha mbili likaenea. Askari wa kawaida wa Stanley hawakuchukua silaha hizo. Wao walipewa bunduki za gumegume 24. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, silaha fupi ya haraka iliingia katika nchi hii kama alama ya tofauti baina ya mtu anayeamuru na mtu anayeamriwa. Haikuja kucheza.

Historia iliyofuata haikuisafisha. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani akitafuta alama za watawala juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma, na mwezi Februari 1885 karatasi hizo zikapata hati ya ulinzi ya mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki mpya zenye shabaha ya hakika zisiingie mikononi mwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuukomesha utumwa, na sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini matokeo yalikuwa kwamba mgeni alibaki na bunduki ya kisasa, na mwenyeji akaachiwa gobori lake. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kumalizika mwaka 1907, watu walitumaini kwamba dawa ingeigeuza risasi ikawa maji. Tumaini hilo limechekwa na wengi, lakini lina huzuni kubwa zaidi kuliko kichekesho: ni tumaini la watu waliojua vema kwamba hawawezi kuzijibu risasi kwa risasi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakapita Kilosa yakiwafukuza Wajerumani, na wenyeji wakabeba mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Wala mlio wa bunduki haukukoma pamoja na ukoloni. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulimalizika kwa vifo vya watu 38. Katika mbuga, hesabu ya tembo wa eneo la Selous na Mikumi ilishuka kutoka 39,000 hivi mwaka 2009 hata 13,000 hivi mwaka 2013, na kazi hiyo ilifanywa na risasi za majangili. Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya namna hii hafundishwi na mtu maana ya mlio wa bunduki. Akiusikia usiku, huuliza ni nani aliyepigwa, au ni nini kilichouawa. Haulizi nani ameshinda mchezo.

Sasa na achukuliwe mfano wa mtu wa kufikirika, mwenye haki zake zote. Amestaafu kazi, ana shamba pembezoni mwa Tindiga, ana leseni halali, na moyo wake ni safi. Anataka karabini ya risasi za bastola ili Jumamosi alasiri apige shabaha pamoja na rafiki wawili watatu. Je, amekosa?

Wa kwanza kumjibu ni yule asemaye kwamba silaha si mchezo. Hoja yake ni kwamba maana ya chombo haibadiliki kwa kubadilika nia ya mwenye nacho. Upanga uliofunikwa kwa maua ni upanga. Mtu anayecheza na chombo cha mauti huizoesha nafsi yake jambo ambalo nafsi haipaswi kulizoea. Hofu inayomlinda binadamu na damu ya mwenziwe hupungua kidogo kidogo, kama ncha ya kisu inavyopungua juu ya jiwe. Waswahili husema, mtoto akililia wembe, mpe. Lakini methali hiyo ilitungwa kwa wembe, ambao humkata yule anayeushika. Bunduki ina tabia nyingine: aghalabu humwacha salama anayeishika, ikamkata aliye mbele yake. Kwa hiyo fundisho la wembe halifai hapa, maana anayejifunza siye anayelipa ada.

Wa pili hujibu kwamba hoja hiyo, ikifuatwa hata mwisho, itafuta nusu ya michezo ya ulimwengu. Mkuki unaorushwa katika mashindano ya riadha ulikuwa silaha. Mieleka ni vita isiyo na kaburi. Wahadza wa pande za ziwa Eyasi, ambao majirani zao walizoea kuwaita Watindiga, huwapa watoto wao wa kiume pinde ndogo wakiwa wachanga sana. Watoto hao hucheza kwa kulenga, na katika mchezo huo huvuna uangalifu wa macho, utulivu wa mkono na subira ya mwindaji. Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa Athens mwaka 1896, kulenga shabaha kulikuwamo tangu siku hiyo. Na mtu akiitazama kazi yenyewe, ataona kwamba kulenga vema ni elimu ya kuitawala nafsi: pumzi hutulizwa, hasira hufukuzwa, haraka hukatazwa. Mwenye ghadhabu hakosi kukosa shabaha. Ikiwa mchezo unafundisha utulivu, kwa nini uitwe mwovu?

Hoja zote mbili zina sehemu ya ukweli, na kila moja imepitiwa na jambo moja. Wa kwanza amesahau kwamba binadamu ana uwezo wa kuibadili maana ya chombo kwa desturi. Wa pili amesahau kwamba desturi haiibadili nguvu ya chombo. Ili kupatanisha hoja hizi lazima iulizwe kwanza, mchezo ni nini?

Mchezo ni tendo lenye mipaka. Una mahali pake, una saa yake, una kanuni zake, na una watu walioridhia kuingia ndani yake. Mwenye kucheza bao hampokonyi jirani kete zake za nyumbani. Mwenye kucheza mpira hamwangushi mpita njia. Pindi tendo likivuka mipaka hiyo likamgusa mtu asiyeridhia, huacha kuwa mchezo, hata kama mwenye kulitenda anaendelea kucheka. Basi tatizo la silaha katika mchezo laonekana waziwazi: mchezaji ana mipaka, lakini risasi haiijui. Risasi ya milimita 9, ambayo mchezaji huiita ndogo, ikielekezwa juu huweza kuruka karibu kilomita 2 kabla ya kuanguka. Katika kilomita 2 za Tindiga mna nini? Mna mwanamke anayepalilia, mna mtoto anayechunga mbuzi, mna mtu aliyeinama mtoni kuvua kambare. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia katika mchezo, na wote wamo uwanjani.

Kutokana na hayo kipimo cha kwanza cha uchaguzi kinapatikana, nacho ni cha ajabu kwa mnunuzi: kabla ya kuchagua bunduki, mtu achague ukuta. Tuta la udongo lililo refu na nene, lisilo na mawe ya kuirudisha risasi, ndilo linaloigeuza silaha kuwa kitu cha mchezo, kwa kuwa ndilo linaloirudishia risasi mipaka iliyonyimwa na baruti. Mtu asiye na tuta hana mchezo. Ana bahati tu, na bahati ya jana haimlindi mtoto wa leo.

Kipimo cha pili ni kiasi. Nguvu za risasi hupimwa kwa jouli. Risasi ndogo kabisa ya bunduki za kawaida, yenye upana wa milimita 5.6, huwa na jouli 150 hivi. Risasi ya milimita 9 katika karabini hufika 600 na zaidi. Risasi ya bunduki kubwa ya kijeshi ya milimita 7.62 hupita 3,000. Karatasi iliyo mita 50 mbele haijui tofauti baina ya hizi tatu. Tundu ni tundu. Ikiwa kinachotafutwa ni utulivu wa mkono na uhakika wa jicho, iliyo dogo inatosha, na kwa mtu anayejifunza inapita zilizo kubwa, maana haimpigi bega wala haimzoeshi kufumba macho. Hata bunduki ya upepo, isiyotumia baruti, imefundisha walenga shabaha wengi wa Olimpiki. Zaidi ya hayo, katika mchezo wa mashindano matano ulioanzishwa na Pierre de Coubertin mwaka 1912, bastola ya risasi iliondolewa, na katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012 wachezaji walilenga kwa mwali wa mwanga. Mchezo haukufa. Pumzi ilitulizwa kama zamani, mkono ulitetemeka kama zamani, mshindi alilia kwa furaha kama zamani.

Jambo hili ni kama jiwe la kupimia dhahabu. Mchezaji akiambiwa kwamba chombo kidogo kitampa elimu yote aliyoitaja, naye akasema bado anataka kikubwa, basi kuna kitu alichokitaka ambacho hakukitaja. Pengine ni ngurumo. Pengine ni teke la begani linalomfanya ajihisi ana nguvu. Pengine ni sura ya chombo, inayofanana na silaha za askari aliowaona katika sinema. Si lazima mambo hayo yawe dhambi, lakini ni lazima yaitwe kwa majina yao. Mtu anayeficha hamu ya nguvu ndani ya jina la nidhamu hajajidanganya kidogo.

Hapa lugha yenyewe inatoa msaada. Neno shabaha lina ujamaa na shabihi: anayelenga shabaha hulenga mfano wa kitu. Basi na iulizwe, mfano wa kitu gani? Duara nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni mfano wa duara tu. Jicho linalolilenga hujifunza kulenga. Lakini karatasi iliyochorwa kifua na kichwa ni mfano wa mtu, na jicho linaloizoea hujifunza jambo jingine. Askari anaweza kuwa na sababu ya elimu hiyo, naye hujibu mbele ya sheria kwa kuitumia. Mchezaji hana sababu hiyo. Mtu wa Tindiga anayejua kilichotokea Rudewa hataona raha kuwaona jirani zake wakipiga makofi kwa sababu kichwa cha karatasi kimetobolewa.

Kipimo cha tatu ni jirani. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiasi ambacho huumiza sikio lisilofunikwa, na katika uwanda usio na kizuizi husikika kilomita kadhaa. Mchezaji ameziba masikio yake. Jirani hana cha kuzibia, wala hana habari kama mlio huo ni wa Jumamosi alasiri au wa msiba. Ataitwa mwoga mtu huyo? Hofu yake haikuzuka katika upungufu wa akili, bali katika wingi wa kumbukumbu. Yako pia madini. Kiswahili kimelipa jina moja la risasi madini yenyewe na kipande kinachorushwa, na madini hayo ni sumu inayodumu. Katika nchi kavu hukaa mahali pake kwa muda. Katika tindiga maji huja kuyachukua. Maji ya Kilosa huingia katika mto Wami, na Wami humwaga baharini karibu na Saadani, na njiani watu wengi huyatumia. Marekani ilikataza marisau ya madini hayo katika kuwinda ndege wa maji tangu mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika ardhi za majimaji tangu mwaka 2023. Kama mataifa yenye fedha za kusafisha maji yameogopa, mwenye kunywa maji ya kisima ana haki ya kuogopa zaidi.

Kipimo cha nne ndicho kizito kupita vyote, nacho ni utunzaji. Mchezo unapokwisha, mpira huachwa uwanjani ukawa mpira. Kete za bao hurudi mfukoni zikawa kete. Silaha haimalizi kazi yake mchezo unapokwisha. Usiku imo ndani ya nyumba, na pamoja nayo wamo hasira, pombe, wivu, deni, mtoto mdadisi na mwizi mwenye subira. Mwenyewe atakufa siku moja, nayo itabaki. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 inamtaka mtu awe na leseni, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 imeyafunga mataifa ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika katika ahadi ya kuzuia silaha ndogo zisizagae. Lakini leseni hutolewa kwa mtu, na mtu hubadilika. Leseni ya moyo mtulivu wa mwaka huu haiuthibitishi moyo wa mwaka ujao.

Sasa sifa za karabini zitazamwe upya kwa macho ya jirani. Mchezaji husifu kwamba hukunjika ikaingia katika mkoba. Jirani huona kwamba silaha inayofichika ni silaha inayosafiri bila kuonekana. Mchezaji husifu kwamba hupiga mara nyingi bila kujazwa. Jirani huona kwamba katika mikono mibaya hakuna nafasi ya mtu kukimbia. Mchezaji husifu kwamba risasi zake ndizo zile za bastola. Jirani huona kwamba kasha moja likiibwa katika nyumba ya mwema hulisha bastola ya mnyang'anyi Morogoro au Dar es Salaam. Sifa tatu zile zile, zikitazamwe kutoka upande wa pili wa ua, ni hatari tatu. Ndiyo maana uchaguzi wa silaha hauwezi kuachiwa anayeifurahia peke yake.

Hapo mchezaji atanung'unika, na manung'uniko yake yasidharauliwe. Atasema: kwa nini mwema aadhibiwe kwa makosa ya mwovu? Gari huua watu wengi barabarani Mikumi, wala wenye magari hawazuiwi kusafiri. Neno hili lina nguvu, lakini halikutimia. Gari hubeba mgonjwa, hubeba mahindi, hubeba mwalimu. Jamii huvumilia hatari yake kwa sababu inashiriki faida yake. Furaha ya shabaha ni ya mchezaji na rafiki zake, na hatari ni ya kijiji kizima. Pale faida ilipo ya mmoja na hatari ya wengi, haki huweka mzigo wa kuthibitisha juu ya yule mmoja. Hiyo si adhabu. Ni bei ya kucheza karibu na watu.

Yako manung'uniko mengine, ya mtu maskini, nayo ni ya haki zaidi. Mkulima ambaye nguruwe wamemaliza mahindi yake akikutwa na gobori lisilo na leseni hushikwa, na sheria haikukosea kumshika, kwa kuwa magobori hayo yamewaua tembo na watu. Lakini mkulima huyo akiona kwamba tajiri anapiga risasi mia kwa alasiri moja kwa ajili ya kucheka, na kila risasi ina bei ya chakula cha siku, atajifunza nini kuhusu sheria? Atajifunza kwamba haja ya maskini ni kosa na mchezo wa tajiri ni haki. Sheria inayoonekana hivyo hupoteza heshima, na sheria iliyopoteza heshima hailindi hata nyumba ya tajiri. Ni historia ya Stanley na gumegume zake kurudi katika vazi jipya.

Basi mstaafu wa Tindiga ajibiwe nini? Asiambiwe kwamba ni mtu mwovu, maana sivyo. Aambiwe kwamba jambo analolitaka linawezekana kwa masharti, na masharti hayo yanatoka katika maana ya mchezo wenyewe. Apige katika uwanja wa chama wenye tuta na msimamizi, si pembezoni mwa mashamba ya watu. Silaha ilale katika ghala la chama chini ya kufuli mbili na daftari, si chini ya kitanda. Achague nguvu iliyo ndogo kuliko zote zinazotosha: ya upepo ikiwa inatosha, ya milimita 5.6 ikiwa haitoshi, na ile ya risasi za bastola iwe ya mwisho, isiyokunjika wala kujaa kupita haja. Madini yakusanywe kutoka katika udongo. Saa za mchezo zitangazwe kijijini, na wazee na akina mama wa kijiji waulizwe kabla uwanja haujafunguliwa, kwa sababu wao ndio watakaousikia.

Masharti haya yatawachosha wengi, na wengine watasema kwamba mchezo uliofungwa hivyo hauna ladha tena. Kauli hiyo ni ya maana kubwa kwa anayeichunguza nafsi. Mlenga shabaha wa kweli hatapoteza chochote: duara liko pale pale, pumzi ni ile ile, mkono ni ule ule, na ushindi juu ya nafsi ni ule ule. Atakayepoteza ni yule aliyependa kuwa na silaha, akaupa upendo huo jina la mchezo. Masharti hayakumwonea; yamemjulisha alichokuwa akikitafuta. Na kijiji cha Tindiga, ambacho kwa miaka zaidi ya mia moja kilisikiliza milio ya bunduki za watu wengine bila kuulizwa neno, kitakuwa kimeulizwa.